Mwajiri Yuko Ng'ambo, Kazi Iko Membley

Kampuni ya Amsterdam, Toronto au Austin imekuhoji mara tatu kwa video, imeridhika nawe, na sasa imekuandikia barua pepe fupi: tungependa uanze mwezi ujao, lakini hatuna ofisi Kenya, je, kwenu watu hulipwaje? Wengi wakifika hapo hujibu kwa kutuma nambari ya akaunti ya benki. Usiitume bado. Kabla ya kuzungumza pesa kuna jambo la kumaliza, nalo ndilo litakaloamua kama utakuwa na bima, likizo, akiba ya uzeeni na mtu wa kumwandama siku mambo yakiharibika. Hapa Kenya, kwa maandishi, mwajiri wako ni nani?

Katika mtaa kama Membley wa Ruiru, ambapo mtu anaweza kumaliza wiki nzima bila kukanyaga Thika Road, jambo hili limekuwa la kawaida. Kuna waandishi wa programu, wahasibu, wachoraji wa ramani za majengo, walimu wa mtandaoni, wanaopokea simu za wateja wa mabara mengine. Bosi yuko mbali, lakini kiti, umeme na intaneti ni vya Ruiru, na sheria inafuata mahali kiti kilipo. Mkazi wa Kenya hutozwa ushuru kwa mshahara wake wote, awe ameajiriwa hapa au nje. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inasema kwamba masharti yake ndiyo ya chini kabisa, na makubaliano yoyote ya kuyapunguza ni batili hata kama pande zote mbili zimetia sahihi. Ukiona kwenye mkataba kifungu kinachosema utaongozwa na sheria za Delaware, Marekani, jua kwamba peke yake hakifuti siku 21 za likizo ya mwaka unazostahili kama mwajiriwa wa Kenya.

Kampuni isiyo na ofisi hapa ina njia tatu. Ya kwanza ni kusajili tawi chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, kupitia Huduma ya Usajili wa Biashara kwenye eCitizen, iwe na mwakilishi anayeishi nchini na ilipe ushuru wa 30% wa faida ya tawi hilo, pamoja na 15% kwa faida inayorudishwa nje. Kwa mfanyakazi mmoja hakuna atakayejisumbua hivyo, kwa hiyo tuiache. Zinabaki mbili: uwe mwanakandarasi unayejitegemea, au uajiriwe na kampuni ya hapa Kenya inayoajiri kwa niaba ya wenye makao nje.

Kandarasi, na gharama isiyoonekana

Kandarasi ndiyo njia wanayoipenda waajiri kwa sababu kwao ni rahisi. Unatuma ankara mwisho wa mwezi, wanalipa, basi. Hakuna makato, hakuna likizo, hakuna notisi ya siku 28. Haina ubaya wowote kama kweli unajitegemea: una wateja watatu, unapanga saa zako, unatumia vifaa vyako, na ukiugua unaweza kumpa mwenzako kazi aimalize. Ikiwa hiyo ndiyo hali yako, ichukue.

Shida huanza pale unapoingia kazini saa wanayotaka wao, unaomba ruhusa kwa meneja wao, unatumia kipakatalishi chao na anwani yao ya barua pepe, na mkataba unakukataza kufanyia kazi mtu mwingine. Huyo ni mwajiriwa aliyevishwa joho la mwanakandarasi. Mahakama zetu hazitazami jina lililo juu ya mkataba peke yake. Hutazama nani anatoa amri, kazi yako imeunganishwaje na shughuli za kampuni, na hasara ikitokea inamwangukia nani. Kampuni inayokuambia "sisi hatuajiri, tunatoa kandarasi tu" huku ikikuandalia ratiba ya dakika kwa dakika inajitafutia kesi, na unaweza kuwaambia hivyo kwa upole. Waajiri wengi wa ng'ambo wanajali sana jambo hili, kwa sababu hata kwao lina adhabu.

Ukikubali kandarasi, bei yake isiwe sawa na ya mshahara. Hapa ndipo watu hupoteza fedha nyingi bila kujua. Chukua mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwajiriwa wa kiwango hicho huwekewa na mwajiri 6,480 kila mwezi katika NSSF. Siku zake 21 za likizo ni karibu mwezi mzima wa kazi unaolipwa bila kufanywa, na ukiugawa kwa mwaka ni kama 16,700 kwa mwezi. Akipunguzwa kazi, sheria inamlinda kwa malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza, sawa na 8,300 hivi kwa mwezi. Tumeshafika zaidi ya 31,000, na hatujagusa bima ya matibabu, siku za ugonjwa, kompyuta wala betri ya kushikilia intaneti umeme wa Kenya Power ukikatika. Ningekushauri usikubali kandarasi ya kazi hiyo kwa chini ya 240,000. Wakikataa kuongeza, waulize kwa nini gharama ambazo wangezibeba kama waajiri zihamie kwako.

Halafu kuna ushuru, ambao sasa ni mzigo wako mwenyewe. Mwanakandarasi hulipa ushuru wa mapato kwa awamu nne, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba, ikiwa ushuru wake wa mwaka unazidi shilingi 40,000. Kilichobaki hulipwa kufikia 30 Aprili ya mwaka unaofuata, na fomu ya mwaka hujazwa kwenye iTax kabla ya 30 Juni. Usivutwe na ule ushuru wa 3% wa mauzo ya biashara ndogo, maana hauhusu ada za kitaalamu. Gharama halisi za kazi, kama intaneti na vifaa, unaweza kuzitoa kwenye hesabu, lakini tangu Januari 2024 KRA inataka ziwe na ankara za eTIMS. Duka la kompyuta lisilotoa eTIMS linakugharimu zaidi ya bei uliyoiona.

Ushuru wa nyumba pia unakuhusu. Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya 2024 iliugusa mshahara na mapato mengine yasiyo ya mshahara, kwa 1.5%. Katika bima ya afya ya SHA utalipa kama mtu asiye na mwajiri, kwa kiwango kinachokadiriwa kutokana na mapato ya kaya yako. VAT haikuhusu mpaka mauzo yako yafike shilingi milioni 5 kwa mwaka, na hata ukifika huko, huduma unazouza nje ya nchi zimewekewa kiwango cha sifuri tangu Sheria ya Fedha ya 2023.

Kampuni ya Marekani itakutumia fomu iitwayo W-8BEN. Ijaze, kwa maana inathibitisha kwamba wewe si mtu wa Marekani, na kazi unayoifanyia hapa Ruiru haitozwi ushuru huko. Wakikutumia W-9 kwa makosa, irudishe. Ile ni ya raia na wakazi wao.

Jambo la mwisho kuhusu kandarasi ni jinsi inavyokatika. Machi 2024, jukwaa la Remotasks, ambalo Wakenya wengi walikuwa wakilitumia kufundisha mifumo ya akili bandia, lilifunga milango yake kwa watumiaji wa Kenya. Watu waliamka wakakuta hawawezi kuingia kwenye akaunti zao. Hakukuwa na mkataba wa ajira wa kushikilia, wala ofisi ya kwenda kuuliza. Basi hata katika kandarasi, dai notisi ya siku 30 kwa maandishi, na dai pia kwamba kazi iliyokwisha kufanywa italipwa hata mkataba ukivunjwa katikati ya mwezi. Vifungu viwili hivyo havimgharimu kitu mteja mwaminifu.

Kuajiriwa kwa niaba

Njia ya tatu inaeleweka vizuri ukiifuata kwa mikataba yake. Kampuni ya nje inatia sahihi na kampuni iliyosajiliwa Kenya. Kampuni hiyo ya Kenya inatia sahihi nawe, inakuwa mwajiri wako mbele ya KRA, NSSF na SHA, inakata kila kinachopaswa kukatwa, inakupa hati ya mshahara na fomu ya P9 baada ya mwaka kwisha. Kazi unapewa na kampuni ya nje kama kawaida. Deel na Remote ni miongoni mwa kampuni za kimataifa zinazofanya biashara hii, na Workpay ni ya hapa Nairobi. Mwajiri wa nje hulipa ada kwa kila mfanyakazi kila mwezi, nayo mara nyingi hufika mamia ya dola, ndiyo maana wengine hukwepa na kukusukumia kandarasi.

Ikiwa kazi ni ya kudumu na ya mwajiri mmoja, hii ndiyo njia ninayoipendekeza, hata kama kiasi cha mkononi kitaonekana kidogo. Anayetaka kununua nyumba ya ghorofa moja Membley kwa mkopo atagundua kwamba benki inauliza hati za mshahara za miezi kadhaa kabla ya kuuliza jina lake. Sacco nyingi hali kadhalika. Mwanakandarasi mwenye kipato kikubwa zaidi huishia kueleza taarifa za akaunti kwa afisa asiyejua aziweke wapi.

Mwajiri wako mtarajiwa huenda hajui gharama hizi. Mtumie hesabu, utaonekana mtu anayejua kazi yake na mazungumzo yatakwenda haraka. Kwa viwango vinavyotumika tangu Februari 2026, mshahara wa 200,000 unakatwa hivi. NSSF ni 6% mpaka kikomo cha mshahara wa 108,000, yaani 6,480. SHA ni 2.75% ya mshahara wote, 5,500. Ushuru wa nyumba 3,000. Makato haya matatu, jumla 14,980, hutolewa kabla ya kupiga PAYE, na hakikisha mhasibu wao analijua hilo, kwa sababu SHA na ushuru wa nyumba viliingizwa katika utaratibu huu mwishoni mwa Desemba 2024 tu. Kinachotozwa PAYE ni 185,020: shilingi 24,000 za kwanza kwa 10%, 8,333 zinazofuata kwa 25%, na zilizosalia kwa 30%. Inakuja 50,289. Toa nafuu ya kila mwezi ya 2,400, PAYE ni 47,889. Mkononi unabaki na 137,130 hivi. Mwajiri naye anaongeza 6,480 za NSSF, 3,000 za nyumba na 50 za NITA, kwa hiyo gharama yake ni 209,530, na juu yake ada ya kampuni inayoajiri kwa niaba.

Tazama hiyo 137,130 kwa makini kabla ya kukubali. Kampuni nyingi za nje hutaja mshahara wa mwaka kwa dola, na mtu akiugawa kwa 12 anafurahi, kumbe kilichotajwa ni kiasi cha kabla ya makato. Uliza wazi: kiasi hiki ni kabla au baada ya makato ya Kenya? Gharama za mwajiri ziko ndani yake au juu yake? Kuna waajiri wanaotenga bajeti moja, kisha ada ya kampuni ya niaba na michango ya mwajiri vyote vinachotwa humo, na unayeumia ni wewe.

Ukishaletewa mkataba, soma kwanza jina la mwajiri. Liwe la kampuni iliyosajiliwa Kenya, na lisiwe jina la kibiashara tu la tovuti. Unaweza kuomba CR12 kupitia eCitizen ukaona wakurugenzi na wenye hisa, na PIN yake ukaihakiki kwenye iTax. Baadhi ya majina makubwa hayana kampuni yao Kenya, hukodi mshirika wa hapa. Si vibaya, lakini mshirika huyo ndiye atakayekuwa mwajiri wako, kwa hiyo mjue. Uliza pia kitatokea nini kampuni ya nje ikivunja mkataba wake na mwajiri wako wa Kenya. Hapo ndipo mikataba mingi hukaa kimya, na hapo ndipo utakapoumia. Jibu linalokubalika ni kwamba utapewa notisi na fidia ya kupunguzwa kazi kama sheria inavyotaka, na kwamba mwenye kubeba gharama hiyo ameshatajwa katika mkataba wao.

Muda wa majaribio hauzidi miezi 6, na ukiongezwa uongezwe kwa ridhaa yako, usizidi miezi 6 mingine. Mama mzazi ana miezi 3 ya likizo yenye mshahara, baba ana wiki 2. Ugonjwa, baada ya miezi 2 ya kazi, una angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu. Kampuni za Ulaya kwa kawaida hutoa zaidi ya hapo kwa watu wao wa nyumbani. Hakuna sheria inayokukataza kuomba upewe sawa nao, na ukiomba kabla ya kutia sahihi uwezekano wa kupata ni mkubwa kuliko baadaye.

Kampuni isiyo na ofisi inashtakika?

Nimesikia watu wakisema hakuna haja ya kuhangaika na mikataba, kwa sababu kampuni ya ng'ambo haishikiki. Miaka michache iliyopita mtu angeweza kukubaliana nao. Sasa kuna kesi za Meta, kampuni inayomiliki Facebook.

Mei 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi akiwa mfanyakazi wa kampuni ya Sama, aliwashtaki Sama na Meta pamoja. Utetezi wa Meta ulikuwa huo huo unaousikia mtaani: hatuna ofisi Kenya, hatukumwajiri, mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yetu. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba ilikataa kuiondoa Meta katika kesi. Mwezi uliofuata kundi jingine la wachujaji lilifungua yake, ambalo baadaye lilipita watu 180, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa.

Kwa anayefanya kazi kutoka Membley, uamuzi huo ni silaha ya kweli. Kutokuwa na bango Nairobi si kinga tena. Lakini hesabu pia miaka: kutoka 2022 hadi mwishoni mwa 2024 mabishano makubwa yalikuwa kuhusu kama kesi isikizwe. Watu hawa walikuwa na mawakili, mashirika ya kimataifa nyuma yao, na vyombo vya habari vya dunia nzima vikiwatazama. Wewe utakuwa na wakili mmoja, na kodi ya nyumba inayodaiwa kila tarehe 5. Ndiyo maana nakusisitizia jina la mwajiri kwenye karatasi: mwajiri aliye Nairobi unaweza kumpelekea barua leo ikapokewa leo.

Kinyume chake, kuna jambo ambalo mwajiri mwenyewe anapaswa kuliogopa, na ni vizuri umkumbushe. Mfanyakazi wa hapa akiwa na kawaida ya kufunga mikataba na wateja kwa jina la kampuni ya nje, KRA inaweza kuihesabu kampuni hiyo kuwa na makao ya biashara Kenya na kuitoza ushuru wa faida. Ikiwa kazi yako ni ya mauzo, kubalianeni mapema kwamba unatafuta wateja na kuwapelekea, lakini sahihi inatiwa huko.

Fedha, saa, na vifaa

Januari 2024 dola moja ilikuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 160. Miezi michache baadaye ilikuwa 130 hivi. Aliyekuwa na kandarasi ya dola 1,500 alishuka kutoka 240,000 hadi 195,000 bila bosi wake kubadilisha chochote, na aliyelipwa kwa shilingi zilizofungwa hakuguswa. Miaka ya kabla ya hapo, shilingi ilipokuwa ikidhoofika, ilikuwa kinyume. Hakuna jibu moja hapa. Sheria ya Ajira inataka mshahara ulipwe kwa fedha ya Kenya, kwa hiyo katika ajira ya niaba utapokea shilingi. Unachoweza kuomba ni mshahara uangaliwe upya kila mwaka kwa kuzingatia thamani ya dola. Katika kandarasi una uhuru zaidi. Kwa maoni yangu, mwenye mkopo wa shilingi na karo ya shilingi asicheze na kiwango cha ubadilishaji.

Malipo ya SWIFT hupita benki za katikati, na kila moja inaweza kukata kidogo, ukapokea pungufu ya ankara. Andika katika mkataba kwamba gharama za kutuma ni za mtumaji.

Saa za kazi zijadiliwe kwa saa za hapa, kwa maneno yasiyo na utata. Saa tatu asubuhi California ni saa moja usiku Membley wakati wa majira yao ya joto, na saa mbili usiku wakati wa baridi, kwa sababu wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Mtu akikuambia "mwingiliano kidogo tu na timu" bila kutaja saa, anaweza kuwa anakuomba usile chakula cha jioni na watoto wako kwa miaka miwili. Una haki ya siku moja nzima ya mapumziko katika kila siku saba. Sikukuu pia: chagueni kama utafuata kalenda yao au ya Kenya, maana bila makubaliano utajikuta kazini tarehe 1 Juni na 20 Oktoba wakati mtaa mzima uko nyumbani, na tena kazini siku yao ya mapumziko kwa sababu wewe "uko Kenya".

Kuhusu kompyuta, waombe wakutumie fedha uinunulie Nairobi. Kifaa kinachotumwa kutoka nje hukwama forodhani, hudaiwa ada ambazo hakuna aliyezipangia bajeti, na kikiharibika dhamana yake iko nchi nyingine.

Kabla ya kutia sahihi

Hakikisha kwamba kampuni yenyewe ipo. Ikiwa ni ya Uingereza, daftari la Companies House liko wazi mtandaoni bila malipo: ingiza jina au nambari, uone ilisajiliwa lini, wakurugenzi ni akina nani, na kama inawasilisha hesabu zake. Nchi nyingi za Ulaya zina daftari kama hilo. Kampuni iliyosajiliwa miezi miwili iliyopita, yenye mkurugenzi mmoja, inayokupa mshahara mkubwa baada ya mahojiano ya maandishi pekee, iache ipite. Na yeyote anayekutaka ulipe chochote ili uajiriwe, iwe ada ya mafunzo, ya kuhakiki hati au ya kifaa, ni mwizi. Mwajiri hutoa fedha, hapokei kutoka kwako.

Mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi ni lazima uwe wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Kama mshahara unaruhusu, mlipe wakili akusomee mara moja. Ada ya saa moja ni ndogo ukilinganisha na yatakayokuja. Ikiwa wanataka baadaye uhamie huko kwao, huo ni mkataba mwingine kabisa, kwa sababu sheria yetu ina utaratibu wake wa mikataba ya kazi za nje ya nchi, unaohusisha kuthibitishwa na afisa wa leba.

Mshahara wa kwanza ukiingia, kazi ya kufuatilia haijaisha. PAYE, NSSF, SHA na ushuru wa nyumba hupelekwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Baada ya hapo ingia katika tovuti ya NSSF uone kama mchango umefika, pande zote mbili, na angalia hali yako ya SHA kwa *147#. Fanya hivyo kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha mara moja moja. P9 ikija mwanzoni mwa mwaka, ilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi kabla ya kujaza fomu ya KRA.

Ukikuta makato yalitolewa kwako na hayakufika, andika barua pepe kwa mwajiri wa Nairobi, na nakala kwa kampuni ya nje. Mara nyingi hiyo nakala ndiyo inayofanya kazi, kwa sababu wa nje alishalipa na hapendi kusikia fedha zake zimekwama njiani. Wape siku 14. Wasipojibu, chukua mkataba, hati za mshahara na taarifa ya NSSF, uende kwa afisa wa leba Thika; ukifutwa kazi, lalamiko lako limfikie ndani ya miezi 3. Kesi ya mkataba wa ajira ina kikomo cha miaka 3 kufunguliwa mahakamani. Hati hizo zihifadhi mahali pako mwenyewe tangu siku ya kwanza, nje ya kompyuta ya kazi na nje ya barua pepe ya kampuni, kwa maana siku ya kuachishwa kazi vyote viwili hufungwa kabla hujamaliza kusoma barua.